Asiransi Uliyotuachia kwa Jina la Zamani

Baba,

Ninakuandikia kutoka Ruashi, kwenye nyumba yetu. Hilo neno "yetu" nimeliandika, nikasimama, nikalisoma tena. Si nyumba ya Kampuni uliyoifanyia kazi, si ya kupanga, wala si kibanda cha kuazimwa na ndugu. Ina vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, mabati mapya yanayolia jua likipanda, na lupango, yaani kiwanja, wa kutosha Mama kupanda muhogo wa sombe na maboga. Fundi alipigilia bati la mwisho siku ya Alhamisi. Mama alisimama uani, mikono kiunoni, akatazama juu. Halafu akaingia ndani akaanza kufagia vumbi, na fundi bado yuko juu analimwaga. Unamjua. Akifurahi sana huwa anatafuta ufagio.

Umeshinda, Baba. Nilitaka uipate habari hii kabla ya nyingine zote. Sasa nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu uliondoka Jumapili moja bila kuaga na mengi yalitokea nyuma yako.

Nianzie mbali kidogo, kwenye kilio cha jirani yetu wa kambi ya wafanyakazi, yule mchomelea vyuma uliyekuwa ukicheza naye dama. Nadhani mambo yote yalianzia pale. Kilio kilipokwisha, ndugu zake walileta kamyo, lori la mizigo. Walipakia kitanda, meza, redio, cherehani. Mjane wake alikalia sufuria moja akakataa kuinuka, nao wakamwinua kwa makwapa, wakaichukua. Ulirudi nyumbani ukakaa mbele ya bukari, ugali wako, mpaka ikapoa. Mama alikuuliza kama unaumwa. Ukasema hapana, huumwi.

Siku ya mshahara, yule bwana wa asiransi, ile bima ya maisha, akapita kambini na mkoba wake kama kawaida. Wanawake waliwavuta watoto wao ndani. Walimwita Muuza Lufu, yaani muuza kifo, na wanaume walisema kwamba kutia sahihi kwenye karatasi ya kufa kwako ni kukionyesha kifo mlango wako. Wewe ukatoka nje na nguo zako za kazi, ukamwita kwa sauti, kambi yote ikisikia, aje aketi.

Mama alilia siku ile. Alikuambia, "Kalenga, uko nauzisha roho yako?"

Nawe ukamjibu kwa upole, "Hapana, mama ya batoto. Niko nanunua usingizi."

Wakakupeleka kwa daktari wao akakupima. Jioni ulituigizia jinsi alivyokugonga kifua, akakufunua kope, akakuchungulia meno, ukalia kama mbuzi anayekaguliwa sokoni, na wadogo zangu wakagaagaa chini kwa kicheko. Mama peke yake hakucheka. Kisha yule bwana akaandika: mwenye asiransi, Kalenga Albert. Mwenye kulipwa akifa, mke wake, Kalenga Madeleine. Mama alikuwa na jina lake la kwao, Ngoie, lakini nani alikuwa akiliuliza wakati ule?

Karatasi ukanikabidhi mimi. "Weye njo unasomaka. Ichunge." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikuwahi kupewa kitu kikubwa namna hiyo. Niliificha ndani ya jalada la kitabu changu cha jiografia, lile jalada la karatasi ya mfuko wa simenti, nikalibandika kwa gundi ya muhogo.

Miaka ikapita. Ikaja amri ya Leta, yaani serikali, ya kuacha majina ya ubatizo, kila raia atafute jina la mababu zake. Unakumbuka mstari wa watu kwenye ofisi ya zoni, serikali ya mtaa, ulivyozunguka ukuta? Tuliingia watu hawa tukatoka wengine. Wewe ukawa Kalenga Kisimba, kwa jina la babu yako. Mama akawa Ngoie Mujinga. Mimi Béatrice nikawa Monga. Njiani ulikuwa ukiniita "Béatrice", ninageuka, unasema, "Hapana, sikuita weye, nimeita muntu wa zamani." Tulicheka mpaka nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kitabu cha jiografia.

Baba, kuhusu Jumapili ile siwezi kuandika mengi. Mlikuwa shambani wewe na Mama, mnapalilia mahindi upande wa kwenda Luano. Ulisema unapumzika kidogo. Ulikaa kwenye tuta, na Mama alipomaliza mstari wake akakuita, hukuitika. Daktari alisema ni moyo. Ule ule moyo uliogongwa gongwa ukaonekana mzima.

Basi.

Baba mdogo Mwepu alifika siku ya pili kutoka kijijini, na wanaume wanne. Nilimpenda baba mdogo, nilipokuwa mtoto alinibeba mabegani, ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma zaidi. Kilio hakijaisha, alisimama katikati ya wazee akauliza juu yako wewe kaka yake, "Karatasi ya yaya yangu iko wapi?" Akasema mbele ya watu wote kwamba mwanamke ambaye mume wake ametia sahihi ya kufa, mwanamke huyo anajua kifo kilipita njia gani.

Mama aliacha kula. Siku tatu alikaa amefunika kichwa kwa kitenge, na wanawake wa kambi, wale aliowashonea nguo za watoto, wakaanza kusogeza mikeka yao mbali na wake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alilia siku ya sahihi. Alikuwa ameliona jambo hili kabla yetu.

Baba mdogo alipekua nyumba. Alifungua sanduku lako, akageuza godoro, akatikisa vitabu vyangu kimoja kimoja. Kitabu cha jiografia alikishika kwa mgongo wake, kurasa zikaning'inia, hakikudondosha kitu. Nilikuwa nachagua maharage. Niliyaacha na mawe yake, nikayatia yote kwenye chungu. Kabla ya kuondoka alituambia kwamba tutakapotoka katika nyumba ya Kampuni, kwa kuwa nyumba za kazi hukaliwa na wenye kazi, yeye atakuja kuwachukua wadogo zangu kijijini, na Mama arudi kwao alikotoka.

Nilimsimulia Mama habari ya kitabu baada ya kamyo lao kuondoka. Aliondoa kitenge kichwani. Akaniuliza, "Jina yangu iko mule?" Nikamwambia ndiyo. Akaomba uji.

Tulikwenda mjini wawili, tumevaa nguo za kanisani. Karani wa asiransi alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alisoma karatasi yako, akasoma cheti cha kifo, akasoma karata ya uraia ya Mama, akarudia tena kutoka mwanzo. Nikaona uso wake unabadilika. Karatasi ilisema Kalenga Albert, na aliyekufa ni Kalenga Kisimba. Karatasi ilisema alipwe Kalenga Madeleine, na aliyesimama mbele yake ni Ngoie Mujinga.

"Sitwayene," alisema, akimwita Mama raia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole, "hawa bantu babili ba mu karatasi habako."

Mama alimtazama. Alisema, "Miye niko hapa."

Karani hakutufukuza, Baba, nataka umjue hivyo. Alituandikia kwa mkono wake kinachotakiwa: hati ya zoni kwamba majina ya zamani na majina mapya ni ya watu wale wale, na mashahidi watatu wa kuapa. Mmoja wao lazima awe wa damu ya marehemu, lakini si mtoto wake. Tulipotoka barazani Mama aliegemea ukuta. Wa damu yako ambaye sote tulimfikiria ni mmoja tu.

Mashahidi wawili walipatikana siku ile ile. Mkubwa wako wa kazi alikubali kabla sijamaliza kueleza. Wa pili alikuwa rafiki yako Mzee Saidi, mshonaji wa Makomeno, yule ambaye wazee wake walitoka Maniema. Alisema yeye ndiye aliyeshona gauni la arusi la Mama, na kama Leta inataka atawaonyesha vipimo vya Madeleine, kisha wampime Ngoie, waone kama kiuno hakitajibu. Mama alicheka, Baba. Kidogo, kwa pua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

Lakini baba mdogo alipoandikiwa, alijibu kwamba ataapa siku karatasi itakapokuwa mkononi mwake.

Ndipo Mama aliposema tuende kwa mama yako, Nkambo. Nilimwuliza kama ana akili. Nkambo hakuja kwenye kilio kwa sababu ya miguu yake, na habari zote alizopata alizipata kwa mdomo wa baba mdogo. Kwake yeye sisi tulikuwa tumemla mwanawe. Mama akasema, "Nitakufa na haya kama hajasikia kwangu."

Tulipanda kamyo la mkaa lililokuwa linarudi tupu, tukapita Likasi, tukashuka ng'ambo ya mto Lufira na vumbi kwenye kope. Kutoka barabarani tulitembea chini ya zile waya kubwa ulizokuwa ukizitengeneza, zinazopita juu ya nyumba za nyasi kuupeleka moto wa umeme migodini. Nilikuwa nikitazama kila nguzo nikifikiri labda uliwahi kupanda hii. Ilinipa nguvu.

Nkambo alikuwa mlangoni anamenya mihogo. Alimwona Mama, akaendelea kumenya. Mama alipiga magoti, akapiga makofi ya salamu kama mlivyomfundisha kwenu. Nkambo akachukua muhogo mwingine. Mama akabaki hapo hapo kwenye udongo, akaanza kusimulia. Hakujitetea, hakumtaja baba mdogo, wala karatasi. Alisimulia Jumapili ile tangu asubuhi: misa, njia ya shambani, mliongea nini, ulimtania nini juu ya jembe lake, wingu lilikuwa wapi. Alisimulia mpaka kwenye tuta. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuyasikia.

Nkambo aliacha kisu. Akauliza swali moja.

"Alikula?"

Mama akajibu, "Alikula, mama. Bukari na sombe na ndagala. Akaongeza."

Nkambo akaanza kulia, na Mama akalia, wakashikana pale kwenye maganda ya mihogo, na mimi nikasimama pembeni nisijue mikono yangu niiweke wapi. Kilikuwa kilio chako cha kweli, Baba. Kile cha kambini kilikuwa mkutano tu.

Tulipomweleza habari ya zoni alisikiliza, akauliza kama kamyo lina mahali pa kulaza mgonjwa wa miguu. Mji hajawahi kuutaka, unajua alivyokataa miaka yote ulipomwita. Asubuhi alikuwa tayari kabla yetu, na kuku wawili ndani ya kikapu, kwa sababu alisema haendi kula vya wenyewe.

Siku ya kuapa, ofisi ya zoni ilikuwa imejaa. Baba mdogo alikuwa amepata habari, naye alikuja, amevaa koti lake la kijani, ameleta na mzee wa ukoo. Alianza kueleza kwa ofisa kwamba huyu mwanamke ana majina mengi kuliko sahani zake, na ukoo haumtambui. Alikuwa bado anasema, mlango ukafunguliwa, Nkambo akaingia, ameshikwa huku na Mama, huku na Mzee Saidi. Baba mdogo alinyamaza katikati ya neno. Sikujua mtu mzima anaweza kuwa mtoto haraka namna ile.

Ofisa alimpa Nkambo kiti. Alimwuliza kwa heshima kama alimjua Kalenga Albert. Akasema ndiyo. Kama alimjua Kalenga Kisimba. Ndiyo. Ofisa akamwuliza anajuaje kwamba ni mtu mmoja. Nkambo alimtazama kama anayemwonea huruma.

"Albert, bapadri njo balimupatia. Kisimba, Leta njo ilimupatia. Mutoto mwenyewe, miye njo nilimuzala. Ulizeni tumbo yangu kama ilibeba babili."

Halafu akanyoosha kidole kwa Mama, bila kugeuka. "Na huyu njo bibi yake, muke yake ya ndoa. Madeleine, Ngoie, mumwite vile munapenda. Njo alimupikia chakula ya mwisho."

Kisha mwanamke mmoja kwenye mstari, mtu tusiyemjua, aliyekuja kwa shida zake mwenyewe, akapiga kigelegele, na wengine wakampokea mpaka askari wa mlangoni akachungulia. Ofisa akaleta wino, Nkambo akaweka kidole. Akamgeukia mwanawe, akamwambia naye aje aandike jina lake chini, kama shahidi wa nne ambaye hakuna aliyemwomba. Alikuja, Baba. Akaandika.

Tuliporudi kwa yule karani mwenye miwani, alisoma hati, akapiga mihuri, moja, mbili, tatu, akasimama akampa Mama mkono. Akasema, "Sitwayene Ngoie, sasa muko." Mama alimwambia kwamba alikuwako tangu zamani, lakini anashukuru. Kisha akatia sahihi. Sahihi, Baba, si kidole. Nilimfundisha kwa wiki mbili nyuma ya mfuko wa unga, na herufi ya N ilimtoka kubwa ikagusa ukingo wa karatasi.

Asiransi yako ililipwa yote, mkononi mwa Mama. Tulinunua kiwanja hiki Ruashi kabla ya siku ya kutoka kambini, tukainua chumba kimoja kwanza, vingine baadaye. Siku ya kuhama, wanawake wale waliosogeza mikeka ndio waliotubebea vyungu. Mmoja alimwomba Mama msamaha njiani. Mwingine aliniuliza kwa sauti ya chini mumewe aende saa ngapi mjini, na avae nini. Siku ya mshahara iliyofuata, yule bwana wa mkoba alipofika kambini, walikuwa wanamngoja kwenye benchi. Mkubwa wako wa kazi alikuwa wa kwanza. Lile jina la Muuza Lufu silisikii tena, wanamwita kwa jina lake.

Nimemaliza shule. Ninafundisha darasa la tatu hapa Ruashi, na baada ya kazi watu huniletea karatasi zao nizisome. Kitu cha kwanza ninachotazama ni majina. Nimewarudisha watu kumi na wangapi sijui kule mjini kurekebisha, na sitachoka. Wadogo zangu wako nasi, hakuna aliyewachukua. Nkambo bado yuko hapa pia. Kila wiki anasema anarudi kwake wiki ijayo. Anagombana na Mama juu ya chumvi, na wakikosana wote wawili wanakuja kunishitakia mimi.

Jumamosi iliyopita baba mdogo alikuja. Alileta kikapu cha njugu, akakaa uani. Mama alimpa chai, hakumpa maneno mengi, na mimi sitasema kwamba yamekwisha kabisa. Lakini alipokuwa anaondoka aliniomba nimsindikize Jumatatu mjini. Nilidhani ni hospitali. Tulifika mpaka mlango ule ule, akaingia, akakaa mbele ya karani yule yule. Alipoulizwa nani alipwe, hakusema ukoo, hakusema ndugu. Akaniashiria nisogee karibu nione kalamu inavyokwenda.

"Andika muzuri jina ya bibi yangu," alisema. "Yote yenye iko nayo. Hata ile ya bapadri, andika pembeni."

Baba, natamani ungemwona.

Pumzika sasa. Ule usingizi ulioununua ni wako, na sisi tunalala pia. Baada ya mvua nitakuja makaburini na fundi tukuwekee simenti, tuondoe ule msalaba wa mti. Wameniambia jina la ubatizo haliruhusiwi. Nami ninakuahidi kwamba nitayaandika yote, kwa mkono wangu, simenti ikiwa bado mbichi: Albert Kalenga Kisimba, mume wa Madeleine Ngoie Mujinga. Asije mtu akasimama mbele yako akasema hukuwako.

Mwanao,
Béatrice Monga